Besi zenye majina ya mastaa: unanunua jina au unanunua shingo?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi napiga besi kanisani hapa Mbeya na wikendi naingia na bendi ya harusi, tunapiga sana masebene. Besi ninayotumia ni ya kanisa, nyuzi nne, kopi ya Fender Precision, shingo nene. Nimeweka akiba milioni mbili na laki tano na kaka yangu yuko Dubai anarudi Desemba. Ameona besi mbili, Sire ya Marcus Miller V7 mpya na Fender ya Geddy Lee iliyotumika. Mwimbaji wetu anapenda kuimba kwenye ufunguo wa Eb na wa C, kila mara najikuta narukia oktavu ya juu. Kiongozi wa bendi anasema besi za majina ya watu ni biashara tu, unamlipa msanii. Ni kweli? Na kati ya hizo mbili nichukue ipi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na kuna sentensi moja umeipitisha haraka kama haina uzito kumbe ndo imebeba jibu lote, ile ya mwimbaji na Eb. Ntaifikia. Tuanze na kiongozi wako kwanza maana alichosema kina ukweli ila hakijakamilika, na ukikibeba hivohivo kitakupotosha kwenye manunuzi.

Ni kweli msanii analipwa. Kampuni ikiweka jina lake kwenye gitaa anapata chake kwa kila gitaa linalouzwa, hayo ni makubaliano ya kawaida na sioni ubaya. Ila swali la mnunuzi ni lingine kabisa: huyu mtu alikuwa na shida gani na besi za kawaida mpaka akaomba itengenezwe tofauti? Maana signecha, yaani besi yenye jina la msanii, ikiwa ya kweli ni shida ya mtu mmoja iliyotatuliwa kwa mbao na waya. Kama shida yake na yako zinafanana umepata bahati, mtu keshasumbuka miaka ishirini jukwaani kwa niaba yako. Kama hazifanani, unanunua dawa ya ugonjwa wa mwenzio. Na zipo signecha ambazo hakuna shida yoyote iliyotatuliwa, wamebadilisha rangi wakaweka sahihi kichwani basi. Hizo ndo kiongozi wako anazisema na hapo niko naye.

Sasa hizo mbili za kaka yako, zote ni za kweli, zina historia, ntakueleza moja moja.

Geddy Lee ni yule mpiga besi wa Rush, bendi ya Canada. Miaka ya 70 alikuwa anajulikana zaidi na besi ya Rickenbacker, alafu akaokota Fender Jazz Bass ya mwaka 1972 kwenye duka la vitu vya rehani mji wa Kalamazoo, Michigan, kwa kama dola 200. Hakuiagiza kiwandani wala hakuchorewa na mtu, ni besi iliyokuwa imewekwa rehani na mtu mwingine huko. Akaja kuipenda mpaka ikawa ndo besi yake kubwa. Mwaka 1998 Fender wakatoa modeli yake, ikitengenezwa Japan, na walichokifanya ni kuifuata ile ya Kalamazoo: shingo ya mbao ya mepo na ubao wa mepo, alama nyeusi za mstatili kwenye ubao, daraja zito la chapa ya Badass pale nyuzi zinapofungwa kwenye bodi, pikapu mbili (zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi), haina betri. Baadaye yakaja matoleo mengine ya kiwanda kingine na hayalingani shingo, kwahiyo mtu akikwambia "ni Geddy Lee" muulize ya wapi na ya mwaka gani kabla hujafungua pochi.

Kitu cha Geddy Lee ni shingo. Yote mengine unaweza kuyaweka kwenye Jazz Bass yoyote, daraja unanunua unafunga kwa bisibisi, pikapu unabadilisha, ila shingo ile hapana. Kuna mteja aliniletea ya Japan nimfanyie setapu, yaani kuirekebisha ipigike vizuri, nikachukua kalipa ya kupimia milimita nikapima pale kwenye nati, pale juu nyuzi zinapoingilia kichwani, ikasoma milimita 38. Nikashusha Precision yangu ukutani nikapima palepale, 42. Milimita nne ukizisikia kwa mdomo ni kitu kidogo, sasa shika hiyo shingo upige kuanzia freti (vile vyuma vya kwenye shingo) ya kwanza mpaka ya tano nusu saa bila kupumzika ndo utajua. Alafu siyo upana tu, na unene wa nyuma nao ni mdogo, kiganja kinafunga kabisa, dole gumba linakaa lenyewe bila kulitafutia mahali. Yule mteja ni mtu wa mikono midogo na kwa besi yake ya zamani alikuwa analalamika mkono wa kushoto unamuuma kila akitoka kazini. Mimi sikumgusa kitu kikubwa, nilinyoosha shingo robo mzunguko, nikashusha nyuzi kidogo, akaondoka. Akaja kuniambia maumivu yamepungua. Hapo jina limefanya kazi, shingo aliyoipenda Geddy ndo iliyomfaa yule mteja.

Marcus Miller, mpiga besi wa Marekani, naye hadithi yake ni tofauti na naipenda zaidi kwasababu ina fundi ndani yake. Besi yake ni Jazz Bass ya mwaka 1977, bodi ya mbao ya ashi, nzito. Akampelekea Roger Sadowsky pale New York, huyu ni fundi kwanza kabla hajawa jina la kampuni, Sadowsky akaweka priampu ndani, kile kisaketi cha betri cha kukuza na kurekebisha sauti, na daraja la Badass juu. Angalia alikuwa anatafuta nini: Marcus alikuwa mtu wa studio, leo yuko na huyu kesho na yule, anataka slepu, ule upigaji wa kugonga nyuzi kwa dole gumba, isikike wazi na akigeuza kidogo irudi besi ya kawaida, bila kubeba magitaa matatu kwenye treni. Priampu ilikuwa jibu la kazi. Fender wakatoa modeli yake nao, ya Japan, mwaka uleule wa 1998. Miaka ikaenda, mnamo 2015 akatokea na Sire, kampuni ya Korea Kusini, gitaa zenyewe zinatengenezwa Indonesia.

Hapa kuna jambo linalonigusa sana. Signecha nyingi zinapanda bei kwasababu ya jina. Marcus akaenda upande wa pili, kaweka jina lake kwenye besi ambayo mpiga besi wa kwaya anaweza kuifikia. V7 ina kingo za ubao zilizoviringishwa zikawa kama gitaa lililochezewa miaka kumi, ina priampu ambayo unachagua mwenyewe masafa ya kati unayotaka kuyapandisha au kuyashusha, na ina swichi ndogo ya kuzima umeme besi ikabaki ya kawaida. Nimeshika nyingi tu mezani kwangu. Kusema ukweli zinatofautiana, kuna inayotoka kwenye boksi iko tayari na kuna inayohitaji saa mbili za kazi ya freti, ila ikishanyooshwa inasimama jukwaa lolote hapa nchini bila aibu.

Kwahiyo kwa kiongozi wako jibu ni hili, kwa V7 humlipi Marcus Miller pesa ya ziada ya maana ukilinganisha na kinachokaa mkononi. Kuna besi za majina ambako unalipa kweli. Mpiga besi Victor Wooten na besi yake ya Fodera yenye alama ya yin na yang, zinatengenezwa Brooklyn kwa mkono, ile ni zaidi ya dola 10,000 na kazi ya mikono unaiona ukiikaribia, ila sehemu ya bei pale ni heshima ya mtu na ya karakana, na anayenunua anajua anachonunua.

Naomba nikupe mifano mingine michache maana naona hapa watu wengi wanachanganya, na ukiielewa hutadanganywa tena na tangazo.

Jack Casady, aliyepiga na Jefferson Airplane, yeye alitaka besi yenye tumbo la uwazi lakini ya urefu kamili wa inchi 34, kwasababu nyingi za tumbo la uwazi wakati ule zilikuwa fupi na sauti inajaa matope. Epiphone wakamtengenezea, ikatoka mwaka 1997, ina pikapu moja tu na swichi ya njia tatu ya kubadilisha tabia ya hiyo pikapu. Pikapu moja! Na ukiisikia huwezi kuamini inavyofuma chini ya gitaa la akustiki. Hii naiita signecha ya haki kabisa, maana bila Casady besi ile isingekuwepo duniani. Joe Dart wa bendi ya Vulfpeck kaenda mbali zaidi, ya kwake ya Music Man ina kitasa kimoja, volyumu basi, toni hamna. Mwenyewe anapiga volyumu juu muda wote na sauti anaitengeneza kwa vidole. Kwake ni sawa. Wewe wa harusi na kanisa siku moja uko kwenye mixer nzuri siku nyingine uko kwenye spika zimepasuka, utakitafuta kitasa cha toni hutakiona.

Steve Harris wa Iron Maiden yeye ni mtu wa Precision, pikapu moja, nyuzi za flati ambazo juu zimezungushiwa utepe bapa hazikwaruzi, na besi ina nembo ya West Ham timu yake. Sasa kuna vijana wananunua wakitarajia ule mdundo wake wa farasi anayekimbia utoke wenyewe. Ule mdundo ni vidole viwili vya mkono wa kulia vya mtu ambaye kavizoesha toka ujana wake, nembo ya West Ham haihusiki.

Na aliyenifundisha mimi hilo ni mtu ambaye maisha yake yote hakuwa na signecha. James Jamerson wa Motown, Detroit. Precision ya mwaka 1962, ya dukani, nyuzi nzito za flati ambazo habadilishi, ziko juu mpaka mwingine hawezi kuzibonyeza, na mkono wa kulia kidole kimoja tu cha shahada. Besi yenyewe iliibiwa muda mfupi kabla hajafariki mwaka 1983. Mistari mingi unayoisikia ya Motown imetoka hapo. Kila mwanafunzi wangu wa kwanza akija na mazungumzo ya priampu namwekea Jamerson kwanza, namwambia sikiliza kwanza huyu mpaka jioni alafu tuongee vifaa.

Jaco Pastorius nae, ile Jazz Bass yake ya 1962 iliyotolewa freti, ubao kaupaka epoksi ya boti ugande kama kioo. Leo unaweza kununua modeli yenye jina lake. Na wanunuzi wengi wanakuta kwamba bila freti sikio ndo freti, ukiteleza nusu milimita kanisa zima limejua. Usijaribu hiyo ikiwa ndo besi yako pekee.

Mfano wa mwisho nauthamini kuliko yote kwa swali lako. Lakland wa Chicago walikuwa na modeli ya Joe Osborn, mpiga besi wa studio za Los Angeles. Baadaye jina likaondoka, besi ileile ikaitwa 44-60. Mbao zilezile na shingo ileile. Sasa jiulize, aliyenunua ikiwa na jina na aliyenunua ikiwa na namba, nani kapata besi nzuri? Wote wawili. Ukiishika besi yoyote ya msanii jaribu kufuta jina kichwani mwako uiite kwa namba, ikiwa bado unaitaka chukua.

Haya sasa turudi kwako Mbeya.

Umesema mwimbaji anapenda Eb na C na wewe unarukia juu. Tuweke hesabu. Waya wa E ukiwa wazi ni kama Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, ndo chini kabisa ya besi ya nyuzi nne. Eb ya chini iko Hz 39, haipo kwenye besi yako, kwahiyo unakimbilia ya waya wa A freti ya sita, Hz 78. C ya chini ni Hz 33, nayo hamna, unapiga ya freti ya tatu waya wa A, Hz 65. Yaani katika funguo mbili ambazo bendi yenu inaishi, nyumba yenyewe, ile noti ya kurudia nyumbani, wewe huna. Mpiga kinanda na mkono wake wa kushoto anaijaza, na kama bendi yenu ni kama nyingi nilizoziona basi hapo ndo ugomvi wenu wa kila Jumapili unapoanzia, yeye anakuzibia na wewe unaona anakuingilia. Simlaumu, kuna shimo pale chini na yeye anaziba shimo.

Besi ya nyuzi tano ina waya wa B, Hz 31. Eb inakuwa freti ya nne na C freti ya kwanza, basi umemaliza. Ndo maana wapiga besi wa gospo na wa studio kama Nathan East wamekaa na nyuzi tano miaka na miaka, modeli yake ya Yamaha ina nyuzi tano, kazi ya kufuata waimbaji inataka hivo, mwimbaji hashushi ufunguo kwa ajili ya besi.

Kwahiyo ukiniuliza Geddy Lee au V7 ya nyuzi nne, nakujibu hakuna kati ya hizo mbili. Muulize kaka yako kama duka hilohilo lina V7 ya nyuzi tano. Geddy Lee haina nyuzi tano, ile ni besi ya mtu mmoja na mtu huyo anapiga nne. Na kwenye sebene usiogope huo waya wa tano, watu wanasema unatatiza, mi naona ukishazoea unakuwa mahali pa kuegesha dole gumba wakati mkono unakata ile mistari mifupi ya sebene, piga kaa kimya, piga kaa kimya, ile ambayo kina Mpudi Decca wa TPOK Jazz waliisimamisha kwa nyuzi nne tu. Nafasi ya kimya ndo inachezesha watu, na nyuzi tano bila kuzibwa vizuri zinavuma hapo kwenye kimya, kwahiyo wiki sita za mwanzo kazi yako ni kujifunza kuziba. Usiende na besi mpya kwenye harusi siku ileile uliyoipokea.

Ikitokea nyuzi tano ya V7 imezidi pesa, usilazimishe jina. Yamaha TRBX305 ni nyuzi tano, ina priampu, haina jina la mtu yeyote. BB235 nayo nyuzi tano, haina betri kabisa. Nimezisetia zote na nikiziweka kanisani kwa mtu hanirudii na malalamiko. Njia ya bei rahisi kuliko zote, ukiamua kubaki na nyuzi nne, ni kufunga kichwani kile kikazio cha waya cha Hipshot chenye mkono mdogo, unauvuta waya wa E unashuka mpaka D, unaurudisha unarudi E. Hiyo itakupa Eb na D. C hutaipata.

Jambo la pili ambalo hukuuliza ila lazima nikwambie kwasababu V7 na Geddy Lee zote ni familia ya Jazz. Pikapu za Jazz ni koili moja moja. Ukiziwasha zote mbili sawasawa zinafutana ule mvumo wa umeme, ukipunguza moja tu mvumo unarudi. Besi ya kanisa unayotumia sasa ni kopi ya Precision, pikapu yake imegawanyika vipande viwili vinavyofutana vyenyewe, kwahiyo pengine hujawahi kuusikia huo mvumo ukadhani besi zote ziko hivo. Kumbi zetu nyingi hazina athi (waya wa umeme wa ardhini) ya maana, soketi zimeungwa toka jikoni, taa za rangi ziko kwenye waya mmoja na amplifaya. Siku ya kwanza na Jazz utasikia zzzz utadhani imeharibika, weka pikapu zote mbili sawasawa sikiliza tena. Nimepokea zaidi ya besi moja "mbovu" ambayo shida yake ilikuwa hiyo, nikamwonyesha mwenye nayo akaondoka bila kunilipa kitu wala sikutaka.

Na betri. Besi ya priampu ukiacha jeki imechomekwa inakula betri usiku kucha, hata kama hakuna aliyeigusa. Chomoa kila ukimaliza. Betri ya volti 9 nunua alkalaini ya kweli, zile za bei ya chini kabisa zinakufa katikati ya ibada, sauti inaanza kukwaruza alafu inazama. Hapo ndo ile swichi ndogo ya V7 inakuokoa, zima priampu, ongeza volyumu, endelea kupiga, hakuna atakayejua. Jizoeze kuifikia bila kuangalia.

Kuhusu uzito, mwambie kaka yako aivae na mkanda dakika kumi dukani, asiishike tu. Harusi ni masaa manne umesimama. Bodi za ashi zinaweza kuwa nzito vibaya na mbili za modeli moja zinatofautiana, aombe apewe mbili tatu achague nyepesi. Akiivaa aachie mikono aone kichwa kinashuka au kinakaa. Kinachoshuka utakibeba kwa mkono wa kushoto maisha yako yote.

Alafu aichomeke kwenye ampu. Apige kila freti kila waya taratibu, asikilize inayokufa au inayokwaruza. Waya wa B aupige peke yake freti ya tano mpaka ya tisa, usikie kama ni noti au ni tope, hapo ndo nyuzi tano nyingi zinafeli. Azungushe vitasa vyote asikilize mikwaruzo. Azime swichi ya umeme aone sauti inabaki. Aangalie shingo toka kichwani kama anavyoangalia ubao wa fundi seremala, kipinde kidogo cha mbele ni sawa, kilichojikunja kama kamba aiache hapo hapo.

Na kama ataendelea kuvutiwa na ile Geddy Lee ya mtumba, awe makini sana. Nilishaletewa besi ambayo kichwani ina jina kubwa na sahihi ya msanii, kijana kalipa pesa nyingi duka fulani hapa mjini, mi nikapitisha ukucha tu ile sahihi ikabanduka kama stika ya chungwa. Chini yake mbao tupu. Tukafungua bamba la vitasa, ndani waya wembamba kama wa redio ya betri na pikapu haina hata alama. Yule kijana alikaa kimya muda mrefu pale kwenye benchi langu na mimi sikuwa na neno. Kwahiyo kaka apige picha namba ya utambulisho ya kiwandani (serial namba), apige picha kichwa mbele na nyuma, na akiweza muuzaji amfungulie shingo apige picha mihuri ya chini, anitumie kabla hajalipa. Muuzaji wa besi halisi hakatai. Akikataa kaka aondoke.

Katika ile milioni mbili na nusu usitumie yote kwenye gitaa, acha laki tatu. Kuna begi lenye sponji nene, kuna mkanda mpana, na kuna setapu maana besi inatoka duka la kiyoyozi Dubai inaingia Mbeya Desemba mvua zimeshaanza, shingo lazima itahama. Kwenye ndege nyuzi zilegezwe kidogo, siyo kutolewa. Ikifika usiifungue papo hapo ukaanza kukaza, iache ndani ya begi mpaka kesho yake ipate hewa ya nyumbani, alafu tyuni, ipige wiki moja, ndo ushike chuma cha shingo au umpelekee fundi. Robo mzunguko kwa siku, usizidishe.

Na mwambie kaka akuletee seti mbili za nyuzi za besi ya nyuzi tano, unene kuanzia 45 mpaka 130, za urefu wa inchi 34, kwasababu huku za nne utazipata ila hiyo ya 130 utazunguka nayo mji mzima.